Maoni ya Waliobahatika Kuingia Chooni

Mtaani walimwita Bi Tathmini, na jina lilimkaa kama vile amezaliwa nalo. Kazi yake ilikuwa kupima miradi ya watu wengine: kama kisima kinatoa maji, kama mafunzo yamemfunza mtu, kama zahanati imepata dawa au imepata rangi mpya tu. Miaka kumi na sita aliifanya, na alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuna aliyeweza kumtoa hapo: mradi haupimwi kwa kuwauliza wenye sauti peke yao. Kila kikao alipanga viti kwa duara, yeye akakalia kigoda, kisha akauliza, "Nani hayupo hapa?" Asiporidhika na jibu, kikao hakianzi.

Ugonjwa huo aliubeba hadi nyumbani. Siku moja aliikalisha familia nzima sebuleni watathmini mgawanyo wa kazi za nyumba, na hata binti wa miaka minne akapewa kura yake. Mume wake, mwalimu wa hesabu, mtu mpole asiye na makuu, aliinuka kwenye kikao kile akiwa msimamizi mkuu wa vyombo vichafu, kwa kura nne dhidi ya moja. Hata mama mzazi wa mume huyo alimpigia kura.

"Mke wangu, mbona hii haki imeniangukia mimi tu?"

"Maoni yako yamepokelewa, baba watoto."

Basi mwaka huo akapewa kazi ya kutathmini choo kipya cha soko. Meneja wa mradi, bwana mmoja mnene, mwingi wa vicheko na mfupi wa tai, alimsukumia makabrasha mezani.

"Hii kazi nyepesi, Bi Tathmini. Tumeuliza watu mia mbili na kumi na wawili, asilimia tisini na saba wameridhika. Wewe maliza ripoti. Alhamisi mchana bodi inapitisha ramani hii hii, tunajenga vyoo vingine tisa."

"Mliwaulizia wapi?"

"Mlangoni. Kila anayetoka tunamdaka hapo hapo, kabla hajasahau."

Bi Tathmini akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo mmewauliza waliofanikiwa kuingia."

"Sasa ulitaka tumuulize nani? Mtu hajaingia chooni, atakuwa na maoni gani kuhusu choo?"

Kesho yake Bi Tathmini akajitoma sokoni na kigoda chake kwapani. Alianza kwa muuza nyanya, akamuuliza swali lake lile lile: nani hajaulizwa? Mama yule hata hakufikiri. Alinyoosha kisu upande wa pili wa njia, alikokaa fundi viatu kwenye kiti chake cha magurudumu, misumari mdomoni, anagonga soli.

"Huyo. Hajaingia mle hata siku moja."

Fundi alitema misumari kiganjani na kumtazama mgeni kwa jicho la mtu aliyechoka kuhojiwa na watu wenye vibao vya kuandikia.

"Dada yangu, hilo swali umechelewa nalo miezi saba. Njia ya mteremko wametujengea, nzuri, tunashukuru. Lakini nikifika juu, mlango unafungukia nje. Nikivuta, unanisukuma mimi. Nikirudi nyuma niupishe, mkono haufiki kwenye kishikio. Na nyuma yenyewe ni mteremko."

"Sasa unafanyaje?"

"Sinywi maji. Tangu nitoke nyumbani alfajiri mpaka nirudi jioni. Nikinywa, kazi ndiyo imeisha siku hiyo."

Alilisema kama mtu anayetaja bei ya kiraka. Bi Tathmini aliona aibu, aibu hasa, ingawa mlango hakuuchora yeye. Vyoo tisa vingine vya mlango ule! Akamwambia, "Alhamisi asubuhi tuna kikao ofisini, hapo ng'ambo ya barabara. Njoo ukayaseme mwenyewe. Kikao ni cha wote."

Alhamisi alifika mapema, akapanga viti kwa duara, akakalia kigoda. Meneja alikuwa kwenye kikombe cha nne cha chai. Mhandisi aliyekichora choo alikuwa na ramani yake. Bi Tathmini akajikohoza na kuuliza kwa ile sauti yake ya kazi, "Nani hayupo hapa?"

Sauti ikapanda kutoka mbali, chini kabisa ya ngazi.

"Mimiii! Niko hukuuu! Nina nusu saa hapa nasubiri!"

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili. Lifti haikuwapo, haijawahi kuwapo. Bi Tathmini alizipanda ngazi zile kila siku ya kazi, na hazikumjia akilini hata mara moja alipokuwa akimwalika mtu wa magurudumu. Alitamani kigoda kimmeze. Meneja alicheka mpaka akafungua tai.

"Bi Tathmini! Hiki kikao chako nacho nani alikitathmini?"

"Hakuna," akasema. "Na nitaliandika kwenye ripoti. Bebeni viti."

Wakateremka wote, wakavuka barabara na fundi hadi mbele ya choo, kila mtu na kiti chake kichwani, Meneja na chupa ya chai mkononi. Pale fundi aliwasikiliza wakimsomea asilimia tisini na saba, akaitikia kwa kichwa, kisha akahamia kwenye kiti cha kawaida na kumsogezea Meneja kile cha magurudumu.

"Bosi, kaa. Nenda, urudi utuambie."

"Mlango ni mlango tu," Meneja akajibu, akajipakia.

Soko zima liliacha biashara. Aliupanda mteremko kwa mbwembwe, akavuta mlango, mlango ukampiga magoti, akarudi kinyumenyume hadi kwenye magunia ya vitunguu. Mara ya pili akaparamia magunia yale yale. Mara ya tatu hakuwa anacheka tena. Vikombe vile vinne vilikuwa vimeanza kudai haki yao.

"Jamani, nimebanwa kweli! Nasimama!"

"Simama tu," fundi akamwambia, "sisi tutatangaza muujiza."

Watu walishangilia. Meneja alibaki kitini, jasho linamtoka, miguu ameikunja msalaba. "Mhandisi! Leta ramani! Huu mlango unataka nini?"

Fundi ndiye aliyejibu. "Uteleze pembeni kwenye reli. Kama milango ya maduka."

Mhandisi alichora pale pale juu ya gunia. Meneja akatia sahihi bila kusoma, akatupa kalamu, akaruka kutoka kitini na kuingia mbio. Mchana ule bodi ilipitisha ramani yenye reli.

Miezi miwili baadaye mlango wa soko ulikuwa umebadilishwa, na Bi Tathmini akaenda kufuatilia. Alimkuta fundi anatoka chooni, anajipangusa mikono kwenye suruali.

"Wewe! Kalamu unayo? Andika. Sabuni hakuna. Bomba linavuja. Kioo wamekitundika kwa ajili ya twiga. Na foleni! Dakika ishirini nimesimama, yaani nimekaa, nasubiri mtu mmoja anaongea na simu mle ndani!"

Bi Tathmini aliandika yote, neno kwa neno, machozi yanamlengalenga kwa furaha.

"Na kuridhika?" akauliza. "Niandike umeridhika?"

"Nani? Mimi?" fundi akafoka. "Sijaridhika hata kidogo!"