Paa la Mama Mkwe

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshazoea, ingawa siku ile ningepata shimo ningejifukia humo na karatasi zangu za serikali.

Mwaka ule wa sensa nilikuwa karani, nikapangiwa Milimani, kwa wakubwa wenye magari na mbwa (mimi na mbwa hatuelewani tangu utotoni), basi nikambembeleza mwenzangu Otieno tubadilishane, yeye akabaki mjini na mimi nikashika njia ya vijiji vya kando ya ziwa nikijiona mjanja.

Kazi ilikuwa kuhesabu watu, halafu kusema nyumba ni ya aina gani, ukuta wa udongo au saruji, paa la nyasi au mabati. Nikafika nyumba moja ambayo nje paa limefunikwa turubai na mawe juu yake, na ndani dari ni shuka jeupe, hujui katikati kuna nini.

“Andika tu mabati, nyathina,” mama mwenye nyumba akaniambia kwa upole, kama kwa mwanawe. “Usisumbuke na hiyo kitu ya juu.”

Mwenye akili angeandika. Mimi nikapanda kigoda, nikasukuma shuka kwa mwavuli, likachanika, na nyasi zilizooza, masizi na panya mmoja mnene vikatumwagikia mimi, mama na birika la chai. Binti yake akaingia na vikombe. Akinyi! Mchumba wangu niliyempata Maseno, ambaye alikuwa anilete kwao mara ya kwanza Desemba.

“Yawa! Unafanya nini huko juu?”

“Kwani unajua huyu?” mama akauliza.

“Mama… si ndiye yule.”

Kwetu Wajaluo mkwe akiingia kwa mama mkwe huinamisha macho, paa lake halitazamwi. Mimi nilikuwa nimelibomoa. Mama akajifunika leso usoni akatokea mlango wa nyuma, mimi wa mbele, mwavuli nikauacha.

Nilikonda kwa hofu ya kumkosa Akinyi. Tulipokwenda kuposa, baba yake akasimama akiwa ameshika ule mwavuli.

“Maneno ya ng'ombe itangoja,” akasema. “Huyu bwana ameshakagua nyumba yangu. Alete mabati kwanza.”

Watu wakaangua kicheko, nami, macho kwenye viatu, nikaitikia kabla mjomba wangu, msemaji wetu, hajafungua mdomo.

Mabati niliyanunua na kuyapakia kwa mikono yangu. Nasikia yanang'aa hadi ziwani. Mimi sijayatazama tangu yapande juu ya nyumba ile, na sitayatazama.