Usimwambie Susu Avute Pumzi

Siku uvumilivu uliponiisha, mwanangu Mwende, ulikuwa umelala mgongoni mwangu, na nilipiga kelele mpaka ukaamka ukilia. Kelele sizijutii. Ninachojutia ni kwamba wa kwanza kufokewa alikuwa susu yako, mama aliyemzaa baba yako.

Tulikuwa hospitalini, pale ambapo wagonjwa wa mapafu hufanya mazoezi ya kutembea kila wiki. Susu amepikia kuni tangu usichana wake, na moshi ukamharibia mapafu. Daktari alisema hayatarudi kuwa mapya, lakini akijizoeza ataendelea kujifanyia kazi zake. Yeye alitaka kitu kimoja tu: kushuka mwenyewe kwenye shamba lake la maharagwe, hapa kwetu Kathiani, na kupanda kurudi bila kushikwa mkono kama mgeni.

Siku hiyo alisimama katikati ya njia ya mteremko ya kupanda wodini, ameshika chuma cha kando. Karani mwenye orodha ya wagonjwa wa mazoezi akaanza.

"Shosho, vuta pumzi! Vuta! Vuta tena!"

Na mimi, ninayemwita Mwaitu, yaani mama, nikaingia. "Mwaitu, si uvute! Unavuta nusu nusu!"

Susu aliinua kidole kimoja, kama kusema tungoje. Karani akacheka. "Hii injini imeisha. Huyu ni wa kukalia kiti nyumbani." Akachukua kalamu, akakata jina lake.

"Keti basi, Mwaitu!" nikafoka. "Unataka kutufia hapa?"

Alimaliza pumzi yake kwanza. Ndipo akasema, "Mama Mwende, nyinyi wote mnaniambia nivute. Niko na hewa imejaa huku ndani kama gunia. Nikivuta ingine nitaiweka wapi?"

 Nilisoma biolojia mpaka kidato cha nne, nikachora mapafu kwenye mtihani, nikayaandika majina vizuri, na sikuwa najua hivyo.

Susu alifundishwa kupumua na Mutheu, mwalimu wa mazoezi, ambaye siku hiyo alikuwa likizo. Mara ya kwanza Mutheu alimwambia, "Puliza," na susu akapuliza kama anayewasha kuni mbichi: mashavu yamevimba, fuu! fuu! mpaka akaona kizunguzungu. Mutheu alicheka akashika ukuta. "Susu, huo moto umeshawaka! Sasa nipozee uji wa mtoto, na usinimwagie."

Basi nikamwona akipoza uji. Alivuta kidogo kwa pua, hatua moja. Akabana midomo, akaachilia hewa taratibu, hatua ya pili, ya tatu, ya nne, na ile hewa bado inatoka. Sikusikia hata sauti. Mwili wangu ulisisimka kama niko kanisani. Kile kifua nilichokihurumia kilikuwa kinaendeshwa kwa ustadi ambao mimi, mzima, sina. Alifika juu, akagusa mlango wa wodi, akageuka akatuangalia.

Karani aliangalia simu yake. "Orodha imefungwa," akasema.

Sikiza basi, Mwende. Ukimkuta mgonjwa wa mapafu amesimama njiani, usimpigie kelele za kuvuta. Mwache atoe. Avute kwa pua, atoe kwa midomo iliyobanwa, na kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta. Akiinua ndoo au akipanda ngazi, asizuie pumzi. Pale anapotumia nguvu ndipo atoe. Akichoka ainame kidogo, mikono kwenye mapaja, apumzike. Lakini kifua kikimbana kuliko siku zake, au midomo ikigeuka rangi, hapo mazoezi yaishe, apelekwe kwa daktari mara moja. Na usimkatie mtu maneno kwa sababu anachelewa kuyatoa. Mungu akupe pumzi ndefu, na akupe moyo wa kumngojea mwenye pumzi fupi.

Mimi siku ile nilimwomba susu msamaha palepale, halafu nikaomba karatasi. Niliandika nikiwa nimesimama, wewe unanivuta nywele, nikampelekea msimamizi wa hospitali, na sikuondoka mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri:

"Nalalamika rasmi. Karani wenu amemkata mama mkwe wangu kwenye orodha ya mazoezi kwa sababu alisimama kutoa pumzi. Kusimama huko ni nyinyi mlimfundisha. Nataka jina lake lirudishwe leo, kwa mkono uleule uliolikata. Na wiki ijayo huyo karani aketi na wagonjwa, naye afundishwe kupumua."