Kile Kitone Kilichobaki Kinyinya

Tulianza kwa sababu ya uongo. Si uongo mkubwa, ni ule wa kila siku wa Kigali: mtu bado yuko bafuni, anakwambia "niko Sonatubes hapa, dakika mbili." Tulikuwa watatu kwenye kwaya moja, na kila wiki mazoezi yalianza bila sisi. Mimi nasuka nywele saluni moja ya Remera. Rafiki yangu wa kike anauza nguo pale Sonatubes. Wa tatu, kijana aliyekulia Bujumbura, alikuwa saidia fundi kwenye majengo ya Kinyinya. Kilichotuunganisha ni Kiswahili. Wanakwaya walituita "Watanzania", ingawa ni mimi peke yangu niliyekulia huko.

Siku moja yule kijana akachukua simu zetu, akabonyezabonyeza, akawasha ile ya kuonyeshana mahali ulipo, muda wote, bila kikomo.

"Haya, sasa danganyeni," akasema.

Kila mmoja akawa kitone kwenye ramani, na sura yake ndani.

Niseme ukweli, nilikipenda kitu kile kupita kiasi. Mimi ni mtu wa kuota mchana. Nikiwa na kichwa cha mteja, mkono mmoja kwenye rasta, nachungulia simu: huyu anapanda kilima, huyu ametoka kula. Niliona kama tunaishi nyumba moja ya vyumba vitatu na jiji lote ni sebule yetu. Na kijana mwenyewe alikuwa hana mtu hapa. Mama yake yuko Bujumbura, mpaka ulikuwa umefungwa, na mjomba wake yuko mbali kusini. "Ndugu zangu ni nyinyi," alikuwa anasema. "Nikipotea, ramani mnayo."

Jumapili moja baada ya misa nilimtania mbele ya kwaya nzima. Alikuwa amekuja na viatu vyenye simenti. Nikamwambia, "Wewe kaka, umekuja kusali au kupiga lipu kanisa?" Watu wakacheka sana. Yeye alicheka kidogo, akaondoka mapema.

Jumatatu jioni nikamwandikia: samahani. Ujumbe ulifika, haukusomwa. Jumanne nikapiga, simu ikaita mpaka ikakata. Nikatazama ramani. Kitone kiko Kinyinya, pale pale kazini. Asubuhi kiko pale, usiku kiko pale, na hilo halikunishtua kwa sababu wiki nyingine alikuwa analala huko kulinda mali. Nikamwambia rafiki yangu wa Sonatubes, "Huyu mtu amenuna kweli."

"Mwache, sha," akasema. "Wanaume wakinuna wanapoa wenyewe. Si unamwona yuko kazini? Mzima kabisa."

Mzima kabisa. Na mimi nilimwona. Jumatano nilimwona, Alhamisi nilimwona. Nilikasirika hata, nikasema moyoni, haya, kaa huko na simenti yako.

Ijumaa nilishindwa. Niliomba ruhusa mchana, nikanunua chapati sita, nikapanda moto, bodaboda ya huku, mpaka Kinyinya. Nilikuwa na furaha njiani, nimeshapanga nitakavyopiga magoti kwa utani mbele ya mafundi wote. Ramani ilinipeleka hadi kwenye kibanda cha mabati, stoo ya vifaa. Nikapiga simu yake. Ikaita humo ndani.

Akatoka mzee mtunza stoo, simu imo mkononi mwake, waya wa chaji unaning'inia.

"Wewe uko dada yake?"

"Ni rafiki yake. Yuko wapi?"

"Simu iko hapa. Mwenyewe haiko." Akanitazama vizuri. "Yooo, hukuambiwa? Alianguka Jumatatu. Juu ya miti ya kujengea pale. Mguu."

Ndipo nikaelewa. Pale msimamizi hataki mtu apande juu na simu, kwa hiyo asubuhi wote wanaziacha stoo na mzee anazichaji. Wengine huchukua zao jioni. Ya kwake ilibaki.

"Lakini mbona hukupokea nilipopiga?"

"Simu ya mtu?" Alishangaa kweli. "Nipokee, iwe ni mke wake, niseme nini? Mimi namchajia tu, kila siku. Nilisema asije akapona akute imezima. Jumapili ningempelekea."

Sikuweza kumkasirikia. Wema wake ndio uliokiweka kile kitone hai.

Nilifika hospitali aliyonitajia mzee na chapati zimepoa. Kwetu hapa mgonjwa halali hospitali bila mtu wake, umurwaza, wa kumletea chakula, kumwosha, kukimbilia dawa. Nesi anachoma sindano, mengine ni yako. Na yeye alikuwa amemaliza siku tano bila mtu. Kabla sijamwona, mama mmoja wa kitanda cha jirani, Mkongo, anayemuuguza mwanawe, alinisimamisha mlangoni.

"Ni nyinyi wale munamuonaka kwa simu?"

Nikahamishia mfuko wa chapati mkono wa pili.

"Kila siku anatuambia, 'Mama, usinipe chakula chako, rafiki zangu wananiona nilipo, wako njiani.' Siku ya kwanza alikataa kabisa kula, atawangojea. Siku ya pili nikamwambia, kijana, kula, watakukuta umeshiba, si vibaya."

Alidhani wenzake wa kazini wameileta simu pamoja na nguo zake, imo ndani ya mfuko chini ya kitanda. Mguu umefungwa na kuning'inizwa, hawezi kuinama, wala hakuona haja ya kumwomba mtu aitoe. Namba zetu hakuna aliyezishika kichwani, na ya nini, kama unaonekana?

Nikaenda kitandani. Alikuwa amekonda usoni. Nikaanza kueleza vyote kwa mkupuo, stoo, chaji, mzee, mpaka nikachanganya maneno.

"Ah," akasema. "Kumbe ilibaki." Kisha akatabasamu, akanipa pole mimi. "Usilie. Hamkujua."

Nilimuuguza wiki tatu. Saluni walinivumilia. Rafiki yangu wa Sonatubes alileta uji kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Nilimwosha, nilimsomea, nilimchekesha, na alicheka. Hakunilaumu hata siku moja. Nilijiambia, tumerudi.

Siku aliposimamishwa kwa mara ya kwanza, daktari alisema anataka watu wawili, mmoja kila upande. Nilisimama kulia kwake nimetandaza mikono yote miwili. Akageukia upande wa pili.

"Mama," akamwita yule Mkongo, "naomba unishike."

Mama akaacha sufuria yake, akaja, akajitia chini ya kwapa lake. Kijana akamlalia kwa uzito wote, macho kafumba. Mkono wake wa upande wangu aliunyoosha pia, kwa adabu, akanipa ncha za vidole, kama unavyompa mtu usiyemjua kanisani wakati wa kutakiana amani. Nikazishika hivyo hivyo. Tukapiga hatua.