Mkono wa Mama Doto Ndani ya Debe

Juzi nilikuwa sokoni Shinyanga, nikasikia mahindi yakimiminwa kwenye debe tupu. Mwanzoni yanapiga kelele, halafu kadiri debe linavyojaa sauti inazama. Nikasimama palepale katikati ya njia, mwenye bodaboda akanipigia honi mpaka akachoka.

Nyumbani kwetu, kijiji kisicho mbali na Maganzo, debe lilikuwa kila kitu. Tulichotea maji, tukapimia mahindi, tukaligeuza mgeni akakalia, na likitoboka tukapandia vitunguu. Ukimuuliza mtu amevunaje, anakujibu kwa madebe, ingawa hapakuwa na madebe mawili yaliyolingana: hili limebonyea ubavuni, lile limetuna kitako. Mnunuzi alilipiga teke ili mahindi yashuke aongezewe. Muuzaji naye aliomba kwa Mungu lisiguswe.

Kwenye msiba, debe lilikuwa sheria. Nzengo, yaani ule umoja wa majirani wote, ilidai debe moja la mahindi kwa kila kaya. Ukikosa unatozwa faini. Ukirudia unatengwa, na siku ukifiwa hakuna atakayekuja kukuchimbia kaburi. Mpokeaji alikuwa Mama Doto, mjane mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Kabla hajalipokea debe alizamisha mkono ndani mpaka kiwiko, kisha akatangaza, "Limejaa!" Sisi watoto tulimwogopa kuliko mwalimu.

Mwaka mmoja mvua ikatuchunia. Baba alikuwa Geita, anahangaika shimoni na dhahabu iliyokuwa ikimkwepa. Mzee mmoja jirani akafariki. Mama alichungulia ghalani: yaliyobaki hayakufika hata nusu debe. Nikamwona anapanga magunzi matupu chini, anayafunika kwa mahindi, anasawazisha juu kwa kiganja vizuri mno.

"Kabula," akaniambia, "ukifungua mdomo utanitambua."

Tulipofika msibani, Mama alikuwa akijifuta jasho na hakukuwa na joto. Zamu yetu ikafika.

"Mayu, shikamoo," Mama alisema, akimwita mama kwa Kisukuma chetu.

"Marahaba, Mama Kabula. Poleni na njaa."

Mkono ukaingia kwenye mahindi. Niliuona kwa macho yangu ukikwama katikati. Mama Doto akamtazama mama yangu, na mimi nikaanza kulia kimyakimya, nikijua tumekwisha.

"Limejaa!" akapaza sauti. "Wabeja, asante sana, Mama Kabula. Pita ndani ukae na wenzako."

Akalibeba debe mwenyewe, akalipeleka stoo. Jioni aliturudishia likiwa limeoshwa, bila gunzi hata moja. Mimi nilidhani tumepona kwa bahati, kwamba huenda bibi yule mkono wake umezeeka.

Mwaka jana Mama Doto alifariki. Kila mwanamke alikuja na debe lililojaa mpaka linamwagika njiani. Tukiwa tunachambua mchele uani, Mama yangu, sasa mzee, akashindwa kujizuia.

"Jamani, mwaka ule wa njaa mimi nilimletea magunzi."

Halafu jirani yetu wa ng'ambo ya mto akainua uso. "Mimi niliweka pumba."

"Na mimi pumba," akasema mwingine, na hapo wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja, maana kila mmoja alikuwa ameibeba siri hiyo akidhani ni yake peke yake.

Doto, binti wa marehemu, aliacha ungo wake chini.

"Kumbe ni nyie?" alisema. "Mama alituambia ghala letu limeliwa na panya. Tulitega mitego mpaka mvua zikarudi, tunakula michembe tu, viazi vilivyokaushwa, na hatukunasa panya hata mmoja."

Miaka yote ile niliuogopa mkono wa mama huyu, nikidhani unatafuta wadanganyifu. Kumbe ndivyo alivyojua nyumba gani haina chakula, akaijazia pengo kwa mahindi yake. Nilikwenda pale alipolazwa, nikaushika mkono wake kwa mara ya kwanza.