Mtihani Siku za Matanga

Skolastika alizaliwa Kanazi, akafundishwa kupiga chapa na masista, na vita vya Amini vilipokwisha akapata kazi mjini Bukoba, katika shirika lililosaidia wajane na mayatima. Vita vilimchukua kaka yake. Kifo kile kilikuwa na heshima. Watu walitoka mbali kuja kulia. Vifo vilivyofuata havikuwa nayo. Ugonjwa uliingia nyumba kwa nyumba, watu wakauita Juliana, kwa jina la mashati ya magendo yaliyotoka Uganda, maana wachuuzi wake ndio waliotangulia kufa. Hata jina la Ukimwi lilipofika, wengi walilitaja kwa kunong'ona.

Mumewe, Ndyamukama, alikuwa mwalimu huko Nshamba, nao walikuwa na binti mmoja mdogo, Rozi. Alianza kukonda mwaka uleule ofisi ilipoletewa kompyuta.

Mkuu wa ofisi, Kristofa, akamwita. "Mama Rozi, wafadhili wanataka mtu mwenye cheti cha kompyuta. Atakayekipata atashika kumbukumbu zote. Wapiga chapa hawatahitajika tena."

"Cheti chenyewe kinasomewa wapi?"

"Kuna chuo Dar es Salaam, karibu mwaka mzima. Kuna masomo ya posta, vitabu vinatoka Uingereza. Na kuna Yunus wa mtaa wa Bakoba, hapahapa mjini, anafundisha jioni. Ukisoma kokote, mtihani ni mmoja, unafanyikia Mwanza. Chagua mapema, sitakusubiri."

Moyo wake ulikwenda Dar es Salaam moja kwa moja. Jumamosi akapanda kwenda Nshamba kumwambia mumewe. Ndyamukama alikuwa amejilaza juani, amefunikwa blanketi, akamwambia aende. Mama mkwe, Benadetha, alikuwa akichambua maharage karibu yao. Hakuinua sauti.

"Nenda, mwanangu. Mtoto atabaki hapa. Na ukirudi usituulize kaburi liko wapi, majani yatakuonyesha."

Dar es Salaam ikaishia pale. Akajaribu posta. Kitabu kilifika, akakisoma chote, lakini Kristofa alizifungia kompyuta za ofisi mpaka apatikane mwenye cheti, na kujifunza mashine bila mashine ni kujifunza kuogelea kitandani. Ikabaki Bakoba.

Yunus alitoka katika ukoo wa Waislamu wa zamani wa mjini, mtu mpole, mwenye kompyuta moja aliyoletewa na nduguye kutoka Nairobi. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha habari za Ndyamukama zikamfuata Skolastika darasani. Jioni moja alipoinuka kwenye kiti cha kompyuta, mwanafunzi aliyefuata, Shamsa, hakukaa.

"Mwalimu," alisema Shamsa, "mimi nina watoto. Sigusi alipogusa yeye."

Skolastika akaenda hospitali kupimwa. Hakukutwa na ugonjwa. Akaleta karatasi, akaiweka mezani mbele ya wote. Shamsa akaisoma taratibu.

"Karatasi hata mimi naweza kuichapa," alisema, na wengine wakacheka.

Yunus akamtoa nje, akamwambia, "Dada, najua ugonjwa huu hauambukizi hivyo. Lakini hawa wakiondoka, sina darasa." Akamchorea herufi za kibodi juu ya kipande cha boksi, akamweka nyuma kabisa. Tangu siku hiyo Skolastika alisomea pale, vidole juu ya boksi, macho kwenye kioo kwa kuchungulia mabegani mwa wenzake. Aliwachukia wote, na aliyemchukia zaidi ni Yunus, kwa sababu yeye alijua ukweli. Lakini hakukosa jioni hata moja.

Ndyamukama akafa mtihani ukiwa umekaribia. Walimzika migombani, mbele ya nyumba, na matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa siku ya safari ilipofika. Skolastika akamwomba shemeji yake, Protase, ruhusa ya kwenda Mwanza na kurudi.

"Mjane hatoki, shemeji. Unalijua hilo," Protase alisema.

"Nisipokwenda sina kazi. Rozi atakula nini?"

"Rozi ni mtoto wa ukoo huu. Atakula wanachokula wenzake."

Alitoka alfajiri. Benadetha alikuwa ameketi mlangoni, akamtazama akipita na begi lake, asimzuie wala asimwulize neno. Skolastika akadhani ni huruma ya mama mjane kwa mjane mwenzake. Akashuka Bukoba kupanda meli, akimshukuru kimoyomoyo.

Mwanza wakamkalisha mbele ya kompyuta ya kweli. Baada ya boksi, vibonye vilivyobonyea vilimshtua, mwanzoni akawa anavigonga kupita kiasi. Kisha vidole vikakumbuka. Alifaulu.

Aliporudi Nshamba alikuta sanduku lake nje, limenyeshewa. Protase alisimama kizingitini.

"Umekimbia matanga ya mumeo," alisema. "Mashahidi ni kijiji kizima. Kibanja hiki, nyumba na migomba yake, si chako, na mtoto hutamwona."

"Mama aliniona nikiondoka. Hakunizuia."

"Angekuzuia kwa nini?" Protase akauliza.

Alishitaki kwa wazee, wakasema mtoto ni wa upande wa baba. Nguo alizompelekea Rozi zilirudishwa. Kazini alipewa kumbukumbu zote, kama alivyoahidiwa, na chumba cha peke yake nyuma ya ghala. Kristofa alisema ni kuikinga kompyuta na vumbi.

Miaka ikapita. Kristofa naye akazikwa, Yunus akafunga darasa. Siku moja ya kuandikisha mayatima, mlango ulifunguka akaingia Benadetha, amemshika mkono msichana aliyerefuka. Shirika lilikuwa limetoa amri kwamba sare na ada ni za waliofiwa na wazazi wote wawili.

Skolastika aliuliza kama alivyowauliza wote. "Jina?"

"Rozi Ndyamukama."

"Baba?"

"Alikufa."

"Mama?"

Msichana alimtazama bibi yake, kisha akatazama sakafu. Alikuwa anajua aliye mbele yake ni nani, Skolastika aliliona hilo kwa jinsi alivyoinamisha shingo.

"Alikufa," Rozi alisema.

"Andika, waitu," Benadetha akasema kwa upole, kwa neno la heshima la Kihaya. "Au hutaki asome?"

Skolastika akaandika. Mashine ikapokea bila swali.

"Shukuru," Benadetha akamwambia mjukuu wake. Rozi akapiga goti, kama mtoto wa Kihaya afanyavyo mbele ya mkubwa yeyote, akasema asante.

Alisoma mpaka kidato cha nne. Ofisini hakurudi, sare za miaka iliyofuata zilichukuliwa na Protase.