Mabakuli Mabichi ya Tokuji

Katika bonde letu, kazi ya mwanamke kwenye udongo huishia pale gurudumu linapoanzia. Kwa miaka arobaini na mmoja Fumie alichimba udongo, akautwanga kwa vinu vinavyosukumwa na mto, akauchuja na kuuanika. Ukishakuwa tayari alimkabidhi mumewe, Tokuji, naye akaufinyanga. Fumie hakuwahi kukaa kwenye gurudumu. Hakuna aliyemkataza, wala hakuna aliyemkaribisha.

Tokuji alifariki mwezi wa pili, theluji ikiwa bado juu ya mapaa. Kwenye kibanda chake cha kazi aliacha mabakuli ishirini na sita ya wali, yamekauka lakini hayajachomwa. Ndani ya kila moja ulionekana mfuo wa kidole chake, ukizunguka toka chini hadi ukingoni.

Tanuru letu ni la wote, huwashwa mara tano kwa mwaka. Kila zamu ilipokaribia, jirani yetu Kinue alimpitia Fumie.

"Yale mabakuli je?"

"Zamu ijayo."

"Dada Fumie, hiyo zamu ijayo imeshapita mara nne."

Fumie aliendelea kumenya figili. Kisha akasema, "Yakiingia motoni, kazi yake imekwisha. Sasa hivi ni kama kainuka tu kwenda kunywa chai."

Kinue ana ulimi mkali, lakini siku hiyo alichukua kisu cha pili akamsaidia kumenya.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Mto ulivunja vinu viwili, na paa la kibanda likatoboka. Fumie alipofika, rafu mbili za juu zilikuwa tope tupu. Yalikuwa yamesalimika mabakuli tisa. Alipiga magoti, akatia mikono kwenye lile tope kana kwamba angeupapasa ule mfuo humo ndani.

"Nilikuwa mchoyo," alimwambia Kinue. "Nimempoteza mara ya pili."

"Yachome hayo yaliyobaki. Ukimaliza, lia."

Aliyachovya mwenyewe kwenye uji wa majivu unaong'arisha vyombo, kazi aliyokuwa akiifanya mumewe. Mikono yake haikuizoea kazi hiyo, uji ukachuruzika. Tanuru lilipofunguliwa, mawili yalikuwa yamepasuka. Saba yalitoka ya kijani, yenye michirizi.

"Yana makamasi kama watoto wakati wa baridi," Kinue alisema.

Fumie alicheka hadi akajifuta macho. Jioni alipakua wali katika moja, na alipomaliza kula alipitisha kidole kwenye mfuo. Kidole chake kilikuwa chembamba, hakikuujaza.

Lile tope hakulitupa. Alilichuja upya, na majira ya baridi yalipoingia akakaa kwenye gurudumu, mlango wazi. Tulipita njiani tukamwona, tukamsalimia kama siku zote. Vikombe vinne vya kwanza vilimporomokea mkononi. Cha tano kilisimama, kimeinamia upande mmoja.

Nilikuwa nimempelekea kuni. Alikitazama kikombe kile.

"Tokuji angenicheka," alisema. "Angenicheka wiki nzima, na mimi ningemwacha acheke tu."

Akalowesha mikono, akachukua donge jingine.