Mdogo wangu, ile "-ga" yake, na shule ya lugha mbili Kigali

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wa rika langu mambo vipi.

Niko internet cafe hapa Kigali na dakika zangu zinakata. Nitakayosema ni kweli tupu. Chumvi nimeshindwa kuweka kwa sababu mama anajua password yangu.

Kwetu ni Bweri, Musoma. Mzee wangu ni fundi wa majokofu. Alikuwaga kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, kiwanda kikapunguza watu, akapata kazi huku Kigali. Akapiga simu: njooni wote, ila kwanza tutafute shule. Nzuri zote za private ni bilingual.

Mama akachekelea. "Lugha mbili tu? Hawa wangu wanazo. Kizanaki na Kiswahili."

Alikaa na furaha yake siku mbili ndipo mzee akamfafanulia kwamba ni Kifaransa na Kiingereza.

Sasa tatizo halikuwa mimi (mimi ni tatizo la kila siku, wameshazoea). Tatizo lilikuwa Nyangeta, mdogo wangu wa miaka nane.

Mwaka uliotangulia, kwenye English medium moja nisiyoitaja, alimwambia mwalimu, "Madam, nilikuwaga chooni." Akavalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili. Halafu mwalimu wa Kiswahili naye akamsimamisha mbele ili darasa liicheke ile "-ga" ya mtaani kwetu.

Tangu siku hiyo akiona mwalimu anafunga mdomo. Nyumbani redio, shuleni jiwe.

Mama akatoa hukumu: "Kama na huko hataongea, anabaki Buswahili kwa bibi yake."

Bibi tunampenda. Lakini Buswahili iko Butiama na sisi tunahama nchi. Maana yake tungeonana Krismasi kwa Krismasi. Nikamtania Nyangeta, "Usijali, nitakutumia picha." Akalia kweli kweli. Nikajiona mjinga.

Likizo tukapanda basi la Kigali kwenda kukagua shule, mama, Nyangeta na mimi. Musoma haijapotea nyuma, mama kaanza mazoezi.

"What is your name? Jibu! Na ole wako useme nilikuwaga. Ni nilikuwa!"

Baba mmoja siti ya mbele akageuka. "Mama, na mimi nilikuwaga mwalimu. Muache mtoto apumzike."

Mama akafungua karanga, mazoezi yakasimama mpaka Bunda.

Shule ya kwanza ilikuwa na geti ambalo mzee alilipenda kuliko mimi. Maua, tai, vyoo vya kung'aa. Tulifika saa ya mapumziko, uwanja umejaa watoto, sauti hakuna. Nilidhani kuna msiba.

Mkuu wa shule aliwahi kuishi Dar, Kiswahili chake kimenyooka. "Hapa lugha ya nyumbani inabaki getini," akasema, kifua mbele. Akamuuliza Nyangeta jina kwa Kiingereza. Kimya. Kwa Kifaransa. Kimya (hapo nilikuwa upande wake, hata mimi sikuelewa). Akaandika: aanzie chekechea.

Mama akaangalia dirishani. Nilijua anaona Buswahili.

Shule ya pili ukuta haujapakwa rangi, na kelele unazisikia tangu barabarani. Alitupokea mwalimu mmoja mwanamke, akakaa kwenye kakiti ka watoto, akauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Wewe, huko kwenu, darasa la ngapi?"

Nyangeta akaangalia viatu vyake weee. Halafu, kwa sauti ya mbu:

"Nilikuwaga nasoma la tatu."

Nikampiga teke chini ya meza. Mama akafumba macho.

Mwalimu akapiga meza kofi. "Nasomaga! Wewe Mnyarwanda?"

Wakuu, kumbe kwa Kinyarwanda "nilikuwa nasoma" ni "nasomaga". Ile ile "-ga" iliyomvalisha mtoto aibu Musoma!

Nyangeta akainua uso. "Kumbe na nyie mnasemaga?"

"Tunasemaga sana!"

Bomba likapasuka hapo. Akasema mzee anakoroma. Akasema mama alimkataza "-ga" njia nzima. Akasema ripoti yangu ya hesabu niliisaini mwenyewe.

Mwalimu akanigeukia taratibu.

Nyangeta akapokelewa la tatu. Mimi, upande wa sekondari hapo hapo, nikapewa mtihani na kurudishwa kidato kimoja nyuma. Tukiwa nje mama aliniambia, "Wewe tutaongea," lakini alikuwa anafuta machozi na kucheka, kwa hiyo nilipona.

Huu ni muhula wa pili. Kifaransa bado kinamtoa jasho, ila Kinyarwanda amekiokota uwanjani na anadanganya kwa lugha zote.

Wiki hii kaleta barua: anaongea mno darasani, mzazi aje. Mama aliisoma mara tatu, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia.

Nilichojifunza: mkihamia nje na watoto, msichague shule kwa geti. Nendeni saa ya mapumziko mkasikilize. Halafu muulizeni mwalimu anamfanyaje mtoto akikosea lugha. Akitaja kibao, ondokeni hata chai msimalize.

Mliosomesha watoto nje, nyie mlichaguaje? Mwageni hapa. Matusi pia yanapokelewa, ila yawe bilingual.